Ukiulizwa Habari, Usiseme Nzuri

Mhadhara kwa wauguzi, wanafunzi na wakazi wa mji wa Arua



Nianze na salamu, maana ndiko tatizo linakoanzia. Ukiingia boma la Mlugbara utaulizwa, "Ngoni?" nawe utajibu, "Muke." Ukienda Koboko kwa Wakakwa na Wanubi salamu itabadilika, lakini jibu litabaki lile lile: salama. Kiswahili chetu cha West Nile, tulichokipata zaidi kambini na sokoni mpakani kuliko darasani, nacho hakisaidii. Habari? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Za mgonjwa? Nzuri, ila bado anaumwa. Adabu haimruhusu mtu kumtwisha mgeni shida zake kabla hajampa hata maji ya kunywa.

Sasa mpeleke mtu huyo wodini. Niliwahi kusimama kando ya kitanda cha mzee ambaye hakuwa amepata usingizi kwa siku tatu. Alikuwa amekaa, ameinamia mto uliowekwa mapajani, kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Daktari akapita: "Habari ya leo, mzee?" Mzee akakusanya pumzi yote iliyombakia, akaitumia kusema, "Nzuri, daktari." Kwenye faili ikaandikwa kwamba mgonjwa hana malalamiko mapya. Hospitali siitaji, na daktari simlaumu. Aliuliza, akajibiwa. Ila aliuliza salamu, akajibiwa salamu.

Nimeombwa kuzungumza juu ya namna ya kupima ubora wa maisha ya wenye saratani ya mapafu, na namna ya kuuongeza. Kwangu mimi mambo haya mawili ni kazi moja: kuuliza ng'ambo ya salamu, na kuwa na kitu mkononi jibu litakapotoka.

Kwa nini mapafu? Duniani, mwaka 2022, watu wapatao milioni 2.5 waligunduliwa kuwa na saratani hii na milioni 1.8 walikufa nayo. Hakuna saratani inayoua zaidi. Hapa Uganda inafunikwa na saratani ya shingo ya kizazi, ya tezi dume na ya matiti, kwa hiyo huku kwetu kikohozi kisichoisha kinahesabiwa kuwa kifua kikuu mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu anakunywa dawa za kifua kikuu miezi, hapati nafuu, anabadilishiwa, anakonda, anaanza kukohoa damu. Ikigundulika kwamba kile kivuli kwenye picha ya eksirei ni uvimbe, mara nyingi umeshatambaa hadi kwenye mifupa au kwenye ini. Na mashine za mionzi ziko Mulago, Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Mgonjwa wa namna hiyo ukimpima kwa kipimo kimoja tu, kupona au kutopona, umeshamfunga kwenye safu ya pili, na hakuna atakayekuja kumwuliza lolote tena.

Si sisi wa kwanza kukwama hapo. Mwaka 1948, New York, David Karnofsky na wenzake walikuwa wakiwapa wagonjwa, hasa wa saratani ya mapafu, haradali ya nitrojeni, dawa iliyozaliwa kutokana na gesi ya sumu ya vita. Uvimbe ulisinyaa, ukakaa kidogo, ukarudi. Wakajiuliza: uvimbe tumeupima, mtu mwenyewe je, amepata nini? Wakatunga ngazi ya kuanzia 100, mtu asiye na lalamiko lolote, kushuka hadi 0, maiti. Aliye 70 anajihudumia mwenyewe lakini hawezi kufanya kazi. Aliye 50 anahitaji msaada mkubwa. Hospitali nyingi bado zinaitumia ngazi hiyo, na ni nzuri kwa kuamua nani ataweza kuvumilia dawa kali. Ila anayeijaza ni daktari, amesimama miguuni pa kitanda. Mgonjwa hasemi neno.

Hapa niseme jambo linaloniuma kidogo. Sisi wa West Nile tumepimwa sana. Mwaka 1937, hapa wilayani, huko Omogo, mama mmoja alitolewa damu, kikapatikana kirusi ambacho hadi leo kinabeba jina letu duniani kote. Mwaka 1961 Dk. Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, hapo tu nje ya mji, alipanda gari moja na Denis Burkitt na Cliff Nelson, wakazunguka Afrika maili zipatazo 10,000 wakitafuta mipaka ya ule uvimbe wa taya za watoto. Kisha, kati ya 1972 na 1974, watoto wapatao 42,000 wa mkoa huu walitolewa damu ili ijulikane kama kirusi cha Epstein na Barr ndicho kinachotangulia uvimbe huo. Wapo humu ndani, nadhani, wazee waliotobolewa mkono wakiwa watoto kwa ajili ya utafiti ule. Ulikuwa utafiti mzuri, na dunia ilijifunza. Lakini kilichochukuliwa kilikuwa damu, na damu haisemi kama mtoto alilala usiku ule.

Watu wa Ulaya wameshatengeneza hojaji za kumpa mgonjwa sauti. Inayojulikana zaidi ilitolewa mwaka 1993 na shirika la Ulaya la utafiti na tiba ya saratani, ina maswali 30. Mwaka uliofuata ikaongezewa 13 ya mapafu peke yake. Umekohoa kiasi gani? Umekohoa damu? Umepata maumivu kifuani, mkononi, begani? Kwa karibu maswali yote majibu ni manne, kuanzia "hata kidogo" hadi "sana", kisha yanageuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Alama zikihama kumi hivi, mgonjwa mwenyewe huwa ameona tofauti. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, siibezi.

Sasa njooni nayo Koboko.

Kuna swali linalouliza kama ulikosa pumzi ulipopanda ngazi. Nilimwuliza mzee mmoja, boma lake liko mwendo wa dakika ishirini kwa bodaboda kutoka mjini. Akanitazama, kisha akacheka hadi akashikwa na kikohozi, na mimi nikajuta. Alipotulia akasema, "Mwanangu, kwa umri huu nipande ngazi, napaua nyumba?" Wanaojua Kiswahili wameshaelewa. Ngazi yetu ni moja kwa vitu viwili, na katika boma lile ngazi ya saruji haipo. Ipo ya miti, imeegemea ghala. Ningeandika tu, "hapana, sikukosa pumzi," mashine ingemhesabu kuwa na mapafu ya kijana.

Nikaweka karatasi kando nikamwuliza: kutoka kitandani hadi chooni, unapumzika mara ngapi? Hakusita. "Mara tatu. Kwenye mwembe, kwenye jiwe la kunolea panga, na pale mlangoni kabla sijainama." Hicho ndicho kipimo. Tuliporudi baada ya wiki mbili, jiwe lilikuwa limetoka kwenye orodha. Mwembe ulibaki, lakini alisema mwembe ni kwa hiari, kuna kivuli.

Msinielewe vibaya. Hojaji iliyothibitishwa haibadilishwi ovyo. Ukibadilisha swali la ngazi kuwa la mwembe, huwezi tena kulinganisha Koboko na Nairobi wala na Lyon. Tafsiri ina kanuni zake: mtu anatafsiri, mwingine asiyeona maandishi ya kwanza anarudisha katika lugha ya asili, wanalinganisha, kisha wagonjwa wachache wanasomewa na kuulizwa wameelewa nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wanairuka, na ngazi hukamatwa hapo. Mimi huuliza kama ilivyoandikwa, halafu naongeza langu chini, kwa kalamu ya risasi.

Na maneno ya moyoni ni magumu kuliko ya mapafu. Ukimwuliza mtu kama ana huzuni, atakuuliza nani kafa. Ukimwuliza, "Una mawazo?" atavuta kiti. Kwa Kiswahili cha huku, mwenye mawazo ni mtu ambaye chakula kimemshinda na usingizi umemtoroka, na neno hilo halina aibu.

Kuna kipimo kilichozaliwa kwetu. Mwaka 2004, Arusha, kiliundwa chama cha tiba shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala. Shufaa ni neno la watu wa pwani na Tanzania. Hapa mkisema "watu wa hospisi" mtaelekezwa haraka zaidi. Chama hicho, pamoja na watafiti wa King's College ya London, kilichukua kipimo cha Kiingereza kikakichonga upya, kikajaribiwa kwa wagonjwa wa nchi kadhaa, Uganda ikiwamo, na uthibitisho wake ukachapishwa mwaka 2010. Kina maswali kumi tu. Saba ni ya mgonjwa: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi juu ya ugonjwa, kama ameweza kuwaeleza wenzake yaliyo moyoni, kama ameona maisha yana thamani, kama ana amani, kama amepata msaada na ushauri wa kutosha kupanga ya mbele. Matatu ni ya anayemwuguza. Kinauliza juu ya siku tatu zilizopita, kwa sababu mwezi ni mrefu mno kwa mtu anayehesabu usiku.

Uzuri wake uko kwenye mkono. Asiyesoma haangalii karatasi. Anakunja ngumi kuwa sifuri, na anafungua vidole hadi vitano. Nawatahadharisha mambo mawili. La kwanza, kwenye maumivu vidole vitano ni balaa, lakini kwenye amani vitano ni heri. Ukijumlisha vyote pamoja bila kugeuza umepika uji wa mchanga. La pili ni la Uganda: vidole vyetu vina siasa. Mgonjwa akiinua dole gumba, au viwili vya V, jamaa waliokaa ukumbini wataanza mjadala mwingine kabisa, na ukiwa mwaka wa uchaguzi utasahau ulichokwenda kufanya. Mwombe aanze na kidole kidogo.

Haya, ameinua vinne kwenye maumivu. Sasa? Kumpima mtu maumivu kisha ukaondoka na namba yako ni ukatili wenye heshima.

Mwaka 1967 Mulago ilipata taasisi yake ya saratani, na mwaka huo huo Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's London. Elimu ya London ilitumia miaka 26 kufika Kampala: Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akija na njia rahisi ya kutengeneza mofini ya kunywa aliyoifanyia kazi Singapore. Ni unga, maji, kihifadhi na rangi. Ya kijani ndiyo nyepesi, miligramu 5 katika mililita 5. Leo serikali inaitoa bure, na tangu 2004 sheria inamruhusu muuguzi au ofisa tabibu aliyesomea tiba hii kuiandika mwenyewe. Wageni wengi hawaamini wakisikia. Bila ruhusa hiyo, mgonjwa wa Lobule au Ludara angengoja daktari ambaye hayuko.

Hofu haikosi. Watu husema mofini ni dawa ya kumaliza mtu, au ya kumfanya mlevi. Ninachowaambia ni hiki: inanywewa kila baada ya saa nne, kwa kijiko au bomba la sindano lisilo na sindano, na kipimo cha kulalia huwa mara mbili ili maumivu yasimwamshe saa kumi za alfajiri. Itafunga choo, hakika. Kwa hiyo chupa isitoke mikononi mwako bila dawa ya kulainisha. Ikikosekana, walimu wa hospisi wametufundisha mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Nimeona familia ikiacha mofini kwa sababu ya choo, kisha lawama ikapewa mofini.

Pumzi ni kesi nyingine, nayo ndiyo inayotisha kuliko zote katika ugonjwa huu. Familia huuza mbuzi kutafuta oksijeni. Kumbukeni West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu. Kabla ya hapo mashine ya oksijeni ilikuwa inategemea jenereta na huruma ya mwenye mafuta. Basi sikilizeni. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 239 wa Australia, Marekani na Uingereza, wenye shida ya pumzi lakini ambao oksijeni ya damu yao haikuwa imeshuka vibaya. Nusu walipewa oksijeni puani, nusu hewa ya kawaida kwa mashine ile ile. Nafuu ilikuwa sawasawa. Mwaka huo huo, Cambridge, wagonjwa 50 walipewa feni ndogo ya mkononi: ikielekezwa usoni pumzi ilitulia, ikielekezwa mguuni haikusaidia hivyo. Uso una mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi wa upepo na kuuambia ubongo kwamba hewa ipo. Upepeo wa ukindu, ule wa kuchochea jiko, unatosha: karibu na uso, kuanzia puani hadi midomo, mgonjwa amekaa ameegemea mbele, dirisha limefunguliwa, na watu kumi waliojaa chumbani wametolewa nje kwa adabu. Anayepungukiwa oksijeni kweli aipate. Kipimo cha kubana kidoleni kitasema. Mofini kidogo nayo hutumika kwa pumzi, ingawa wataalamu bado wanabishana.

Wanafunzi wataniuliza kama haya yote si kubembeleza tu. Boston, mwaka 2010, Jennifer Temel na wenzake waliwagawa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Wote walipata matibabu ya kawaida. Nusu wakaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Kwa hojaji ya ubora wa maisha hao walipata wastani wa 98 dhidi ya 91.5, wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 16 dhidi ya 38, na waliishi miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ufaransa, Fabrice Denis aliwafanya wagonjwa wa mapafu waripoti dalili kumi na mbili kila wiki kwa intaneti, na daktari akaitwa dalili ikizidi. Matokeo ya 2017: miezi 19 dhidi ya 12. Hapakuwa na dawa mpya katika tofauti hiyo; kulikuwa na mtu aliyejulishwa mapema.

Sisi intaneti yetu mnaijua. Na ukifika Oraba, pale mpakani, simu yenyewe haijui iko nchi gani. Lakini kubipu tunajua wote. Wagonjwa wangu hubipu Ijumaa: mara moja, hali ni ile ile, mara mbili, nipigie leo. Haihitaji salio, na haina nafasi ya kusema "nzuri".

Limebaki neno ambalo hojaji hizi hazilitaji vya kutosha: lawama. Mkoa huu umelima tumbaku kwa vizazi. Iliezeka mabati, ililipa karo, na baadhi ya mliokaa viti vya mbele, pamoja nami, tulisomeshwa na moshi wa mabanda ya kukaushia. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015 naiunga mkono bila kigugumizi. Ila muuguzi akimwuliza mzee mwenye saratani, "Ulivuta?" yule mzee anasikia hukumu, na kuanzia hapo hatamwambia maumivu yake, kwa kuwa ameyahesabu kuwa deni. Na mama aliyepika kwa kuni miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha, hajawahi kugusa sigara, naye ananong'onezwa hivyo hivyo. Mimi swali hilo naliuliza mara moja, kwa ajili ya faili, na namweleza kwa nini.

Swali la saba la kile kipimo cha vidole, lile la kupanga, kwa wazee wetu lina maana moja: nitafia wapi? Kusafirisha maiti kutoka Kampala kunaweza kula shamba zima. Nimemwona mtu akikataa kwenda Mulago kwa mionzi ambayo ingempunguzia maumivu ya mfupa, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia kwamba mara nyingi ni kikao kimoja, na kwamba angerudi akiwa hai. Dakika tano za maelezo zingetosha.

Nimalizie na mama mmoja, upande wa Koboko. Wiki mbili kabla alikuwa ameinua vidole vinne kwenye maumivu. Siku hiyo aliinua kimoja. Dalili nyingine, viwili. Amani, mkono wote wazi. Nilifurahi, nikaanza kukunja karatasi. Bodaboda alikuwa ananingoja barabarani na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kongo. Mama akanigusa kifundo cha mkono. "Na huyu?" akasema.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na jerikani. Aliacha shule muhula uliopita ili amwuguze. Maswali yangu matatu ya mwisho yalikuwa bado matupu.

"Habari yako?" nikamwuliza, kwa mazoea.

"Nzuri."

Nikamwomba aweke jerikani chini. Nikamsomea swali lilivyo: katika siku hizi tatu, umekuwa na wasiwasi kiasi gani juu ya mama? Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akafungua kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Vitano vilipokwisha, akainua mkono wa pili.